Nyumba Hii Haiuzwi, na Kisiwa Je?

Utanzu mfupi kuliko yote wa fasihi ya Dar es Salaam hauna jina la mwandishi, haujawahi kushindanishwa popote, na unasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote tuliyowahi kuisifia hapa. Umeandikwa kwa rangi ya mafuta, nyekundu au nyeusi, kwenye kuta za Mbagala, Tandika, Manzese, Mwananyamala mpaka Tegeta: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nafasi anaongeza: OGOPA MATAPELI. Ukuta ukiwa mrefu na uchungu ukiwa mwingi, anaweka na namba ya simu, jambo ambalo ukilikalia kidogo linachekesha. Kitu kisichouzwa kinapigiwa simu ya nini?

Hebu tuusome kama tunavyosoma shairi. Mwenye nyumba hakuandika "siuzi". Angeandika hivyo angejisemea yeye tu, na kesho kaka yake angeleta mteja. Ameandika "haiuzwi", kitenzi cha kutendwa kilichokanushwa, ambacho muuzaji wake hatajwi, na kwa kutotajwa kwake ndiyo wote wamefungwa: kaka, baba mdogo, mtoto wa mke wa pili, na yule kijana mwenye nakala ya hati aliyoipata hajui mwenyewe wapi. Kila mkazi wa Temeke anajua kwamba maandishi yale yanaonekana kumwambia mgeni, lakini anayeambiwa yupo ndani, amekaa ukumbini anaangalia taarifa ya habari. Ni barua ya familia iliyobandikwa barabarani. Na sarufi yenyewe inailinda. Huwezi kufuta herufi mbili za mwanzo ukapata "inauzwa". Ukitaka kugeuza maana, sharti upake ukuta mzima upya, na majirani watakuona.

Sasa weka kando ya ukuta huo kile kipeperushi ambacho siku hizi kinazunguka kwenye simu zetu zote: apatimenti kisiwani, Unguja, jengo jeupe, mchanga mweupe, bahari ya rangi ambayo mvuvi wa Kunduchi angekuuliza umeitia nini. Nacho ni utanzu. Kina kanuni kali kuliko za utenzi. Kitenzi chake ni amri: miliki, wekeza, furahia, wahi. Sifa yake ni moja, na haiachwi: kisiwa tulivu.

Neno hilo limenikaa kooni muda sasa. Katika Kiswahili tunachozungumza, kutulia kunakuja baada ya kitu. Bahari imetulia, maana ilichafuka. Mtoto ametulia, maana alikuwa analia. Fulani siku hizi ametulia, na hapo mtaa mzima unajua alikuwa anafanya nini kabla. Utulivu wetu una jana yake. Utulivu wa kipeperushi hauna jana. Kisiwa kiko kimya kwa sababu kwenye picha hakuna mtu, na kama yupo ni mmoja, amevaa shuka la Kimasai au ameshika trei. Wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao kupwa kunapotokea wanajaa pwani nzima na kelele zao, wamepigwa picha saa ambayo maji yamejaa. Yaani hawamo.

Huku kwetu kisiwa tulivu tunacho, na hakuna anayekiuza. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Unapanda boti Kunduchi, unalipa kiingilio, unafika Mbudya kwenye mibuyu na mabanda ya makuti, unaagiza samaki wa kukaanga na chipsi, unaogelea, jioni unarudi kwenu. Na utulivu wenyewe, Jumapili ikifika saa nne asubuhi, umeshakwisha: kila boti inashusha spika yake. Wapo wanaolalamika. Mimi naona pale ndipo kisiwa kinapofanana na sisi.

Turudi kwenye kitenzi. "Miliki" ya kipeperushi, kwa mhakiki, ni istiari, na huenda ndiyo istiari ya bei kubwa kuliko zote zinazoandikwa kwa Kiswahili leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 ikaendeleza msimamo huo: mtu anapewa haki ya kutumia, na anayetajwa kupewa haki hiyo ni Mzanzibari. Mgeni anapangishwa, kwa muda unaoweza kufika miaka 99. Bara nako hakuna tofauti kubwa ya falsafa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini, na hati ya mjini haizidi miaka 99. Kwa hiyo mtu wa Mbagala anayekwenda kununua nyumba Fumba anajikuta katika nafasi ya ajabu, Mtanzania kamili ambaye kwenye ukurasa ule anasomeka pamoja na wageni. Ukitaka kijiwe kilipuke kuliko habari za Simba na Yanga, anzisha hilo.

Naandika haya kwa sababu kipeperushi kimoja kilifika mpaka mlangoni kwangu. Mama mmoja jirani, nesi mstaafu, alinijia jioni na simu yake. Kijana wake anafanya kazi Muscat, alikuwa amemtumia picha za apatimenti Unguja, chumba kimoja na sebule, malipo kwa awamu. Mama ana kiinua mgongo, ana kiwanja chake Chamazi ambacho amekijengea msingi tu. "Mwanangu, wewe unasoma soma sana," akaniambia, "hebu nisomee hii, inasemaje?" Nikamsomea. Nikamweleza miaka 99, nikamweleza kwamba kwa mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 upo utaratibu wa kuomba na kibali cha kuishi, ingawa yeye kibali hahitaji. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo katika vipeperushi vyote nilivyosoma sijaona jibu lake: "Na mimi nikifa, kwenye hiyo gorofa, wananizika upande gani?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Sikwenda kwa mwanasheria, nilikwenda kwenye rafu ya vitabu, maana swali lake nilishaliona mahali.

Nililiona kwa Mohamed Suleiman Mohamed, kwenye Nyota ya Rehema ya 1976. Tumeisoma riwaya hii shuleni kama kisa cha msichana mwenye bahati mbaya, na walimu wengine wakatufundisha ni ya utabaka, basi, imekwisha. Isome leo, ukiwa na kipeperushi mkono wa pili, utaona ni riwaya ya ardhi tangu ukurasa wa kwanza. Rehema ni binti wa tajiri Fuad, lakini katika nyumba ya baba yake hana mahali pa kukaa. Anachokuja kukipata baadaye, yeye na Sulubu, ni pori la Ramwe, ambalo wanalifyeka, wanalilima, wanalifanya shamba kwa mikono yao. Kwa mdomo na kwa jasho ni lao. Kwa karatasi si lao, na siku karatasi inapofika, inafika imevaa vizuri, inazungumza kwa upole. Asiyeisoma simharibii mwisho wake. Nitasema tu kwamba mwandishi hakutumia maneno makubwa hata mara moja. Anakuonyesha jembe, anakuonyesha kibuyu cha maji, anakuonyesha Sulubu anavyolala usingizi wa mtu aliyechoka kihalali. Ukifika kwenye karatasi, wewe msomaji umeshaijua ile ardhi kwa miguu, na ndiyo maana inauma. Kwangu hii ndiyo riwaya bora ya Kiswahili juu ya maana ya neno "langu", na najua wapenzi wa Kiu watanirushia mawe.

Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka miaka miwili baadaye, inasemwa sana zaidi, na ina sauti kubwa zaidi. Mwinyi Fuad ni mwovu mno, nadhani hata Adam Shafi mwenyewe wakati mwingine alichoka naye. Anayebaki akilini ni Kijakazi, mtumishi aliyeipenda nyumba isiyo yake kuliko mwenyewe alivyoipenda. Yeye ndiye anayejua mlango upi unalia, dirisha lipi linavuja mvua ya vuli. Umiliki wa Fuad umo kwenye hati na wa Kijakazi umo kwenye magoti, na riwaya inapogeuka na Mapinduzi yakaja, yeye ndiye anayepata tabu kuliko wote kuelewa kwamba kasri limekwisha. Wahakiki wamemcheka Kijakazi miaka yote hii, wakamwita asiyejitambua. Mimi simcheki. Nenda leo kwenye hoteli yoyote ya ufukweni, uliza nani anajua jengo lile kuliko wote.

Na Mapinduzi yaligawa. Wakulima walipewa eka tatu tatu, walime, wale. Walipewa kutumia, hawakupewa kuuza. Miaka sitini baadaye wajukuu wamekaa kwenye eka zile, bei ya pwani imepanda mpaka haitajwi kwa sauti, na dalali anapita na pikipiki. Hapo hapo ndipo fasihi yetu ilipokoma kuandika. Nitalirudia hili.

Lakini aliyeifanya hati kuwa mhusika kamili, mwenye kuingia na kutoka jukwaani, ni Abdulrazak Gurnah, katika By the Sea ya 2001. Tangu Nobel ya 2021 tunamtaja Gurnah kama mwandishi wa ukimbizi, na kweli riwaya inafungua na mzee Saleh Omar akitua Gatwick na kijisanduku cha udi, akitumia jina lisilo lake. Ofisa wa mpakani anauchukua ule udi. Wengi tunakumbuka udi. Ambacho hatukikumbuki ni kwamba chini ya hadithi ya ukimbizi ipo kesi ya nyumba, kesi ambayo mtu yeyote wa Ilala au Temeke angeifuata bila kamusi.

Inakwenda hivi. Hussein, mfanyabiashara anayekuja na pepo za msimu, anamkopesha bwana mmoja, Rajab Shaaban, na nyumba ya Rajab inawekwa rehani. Baadaye Hussein huyo huyo anakopa kwa Saleh Omar, na dhamana anayoacha ni karatasi ya ile nyumba. Anaondoka, harudi. Saleh Omar amebaki na hati ya nyumba ya mtu ambaye hakumkopesha hata senti. Afanye nini? Anaidai. Anaipata. Vyombo vya familia vinatolewa nje watu wakitazama. Kisha nyakati zinageuka, wale waliotolewa wanapata mkono serikalini, na Saleh Omar naye anapokonywa yote na kufungwa miaka mingi. Na jina analotua nalo Uingereza ni lipi? Rajab Shaaban. Alichukua nyumba ya mtu, akamaliza kwa kuchukua na jina lake.

Mara ya kwanza nilipoisoma nilimtafuta mwovu. Leo namtafuta bado. Karatasi haikudanganya hata mstari mmoja. Kila aliyeishika aliishika kihalali. Gurnah anampa mtoto wa Rajab, Latif, ambaye naye yuko Uingereza, nafasi ya kukaa na Saleh Omar na kulisimulia upya lile jambo, na kila mmoja ana kumbukumbu yake, na zote mbili zinaingia akilini. Hapa ndipo Gurnah anapowapita waandishi wetu wa miaka ya sabini: wao walijua nyumba ilikuwa ya nani. Yeye anajua tu nani alilala ndani yake. Ninachomlaumu ni kwamba anawapeleka Uingereza ndipo wazungumze, kana kwamba mazungumzo yale yasingewezekana barazani kwao. Huenda ni kweli yasingewezekana. Bado inaniudhi.

Nyongeza ndogo juu ya filamu, kwa kuwa wasomaji waliniuliza. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto 2021, ni nzuri, naipenda, wahusika wake wanapumua. Ila kamera inaupenda Mji Mkongwe kupita kiasi. Kwenye kitabu Yasmin anakimbia ndoa na kutafuta pa kulala, na kila chumba anachoingia kina harufu, kina mtu anayemsema. Kwenye filamu kuta zinapendeza hata pale zinapotakiwa kubana. Kuna nyakati nilihisi mtu angeweza kusimamisha picha, akaandika "wahi sasa" chini yake.

Halafu lipo neno lenyewe, pepo. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitutolea Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya 1994, na nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo: Gurnah kwa Kiswahili, hatimaye, na Kiswahili chenye chumvi ya pwani. Hadjivayanis alichagua kichwa sahihi, sioni kingine. Lakini andika "Peponi" kwenye simu yako uone kinachokuja. Vinakuja vitanda. Hoteli ya jina hilo iko Shela, Lamu, tangu miaka ya sitini, na Shela yenyewe ni mahali ambapo majumba ya kale yamenunuliwa na Wazungu mpaka mtaa umebadilika sura. Riwaya inayohusu mtoto Yusuf, aliyechukuliwa na mfanyabiashara kulipia deni la baba yake, imejikuta inagombania jina na biashara ya malazi. Na bustani ya ami Aziz kwenye riwaya, yenye maji na miti ya matunda, ndiyo hiyo hiyo ya kipeperushi: nzuri, ina ukuta, na anayeitunza ni mtumwa. Gurnah alishaandika uhakiki wa vipeperushi kabla vingi havijachapishwa.

Katika Theft, ya 2025, amefika karibu zaidi. Badar, kijana aliyekuwa mtumishi kwenye nyumba ya watu Dar es Salaam na akasingiziwa wizi, anavuka kwenda Unguja na kupata kazi hotelini. Utalii umeingia, majumba ya zamani yanageuzwa ya wageni. Wapo waliosema riwaya hii ni nyepesi kwa mtu wa Nobel. Sikubaliani nao. Wepesi wake ni wa mtu anayepanga vikombe kwenye trei asivigonganishe. Badar anatazama wageni wanavyokuja kupumzika, na tunamwona yeye akifanya kazi ya kuutengeneza ule utulivu wao: shuka, maji, funguo, tabasamu. Utulivu ni kazi ya mtu. Hilo sikuliona limeandikwa vizuri hivyo kabla.

Sasa naomba tusidhani kwamba ni visiwani tu. Upande wetu wa maji, Kigamboni, tulikuwa na kipeperushi kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya, watu wakaambiwa wasijenge wala kuendeleza, wakakaa miaka wanangoja fidia na ramani, mpaka mpango wenyewe ukafifia. Na kule Dege, mradi wa nyumba zaidi ya 7,000 wa NSSF na mbia wake ulianza 2014, ukasimama 2016. Daraja likafunguliwa mwaka huo huo. Maghorofa yale yalibaki yanaitazama bahari, matundu ya madirisha wazi, na ukiyaangalia kwa macho ya mhakiki unaona kipeperushi kilichofikia ukurasa wake wa mwisho kabla ya hadithi kuanza. Utulivu ulikuwepo pale, tena wa kutosha. Popo tu.

Ninachokidai kwa waandishi wetu ni kitabu kimoja. Riwaya zetu za ardhi zinaishia kwenye Mapinduzi au mara tu baada yake, kana kwamba eka tatu zilipogawiwa kila mtu alikwenda kulala. Nataka riwaya ya muuzaji. Mvuvi wa kusini Unguja, au wa Kimbiji, mwenye umri wa miaka hamsini, mtumbwi wake unavuja, binti yake amepata chuo. Dalali amekuja mara tatu. Mara ya tatu amekuja na mkate na sukari. Asiwe mjinga huyo mvuvi, tafadhali, tumechoka na mvuvi mjinga. Awe anajua hesabu. Awe anajua kabisa kwamba bei anayopewa haifiki robo ya ile itakayoandikwa kwenye kipeperushi, na auze hivyo hivyo, kwa sababu ada ya chuo ina tarehe. Niione siku anayohesabiwa pesa kwenye ofisi ya sheha au ya serikali ya mtaa, nisikie muhuri unavyogonga. Niwaone ndugu waliokuwa hawapigi simu wanavyoanza kupiga. Na miaka mitatu baadaye nimwone anavyopita pwani kwenda kwenye mtumbwi wake, mlinzi kijana, ambaye baba yake amesoma naye madrasa, anamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo babu," kisha anamwambia njia siku hizi inapita kule nyuma.

Mama jirani nilimrudia siku ya tatu, nikampa Nyota ya Rehema badala ya jibu. Aliisoma kwa wiki mbili, kwa miwani ya kuazima. Kijana wake wa Muscat amepiga simu mara kadhaa kuuliza kama ameshaamua, maana punguzo linaisha. Mama anamwambia bado anasoma. Wiki iliyopita fundi alishusha matofali 300 Chamazi, na mimi sikuuliza.